Auntie Roseline Amezikwa Saluni

Leyla uko? Aki wacha nikuambie kabla sijalia.

Unamjua Auntie Roseline wangu, yule staa wa sinema za zamani. Yule ambaye wanaume wa Makadara walikuwa wanabandika picha yake hadi kwa kinyozi. Leo anasukwa hapa saluni Huruma, mimi nimekaa kando yake. Nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima kama amepigwa na stima.

Akaingia msichana mmoja na simu, akamwonyesha msusi picha. "Nataka nyusi kama za huyu."

LEYLA. Picha ni ya Auntie! Ile ya gauni jekundu, mgongo wote nje.

Auntie akaiona kupitia kioo. Akajiweka sawa kwa kiti, shingo juu, akangoja kutambuliwa.

Msusi akasema, "Huyo? Alikuwa moto huyo! Lakini si alikufa?"

Alikufa!! Na mkono wake bado uko ndani ya nywele za Auntie!

Msichana akamgeukia Auntie. "Mathe, wewe ndio wa enzi zake. Ni ukweli alikufa?"

Auntie angeenda wapi na nusu kichwa? Na akisema ni yeye, watamwangalia. Wataangalia simu, halafu wamwangalie tena.

Akajitazama kwa kioo weee, mpaka nikaogopa. Halafu akasema polepole, "Alikufa. Mungu amlaze mahali pema."

Saluni nzima ikasema amina. Hata yeye.

Na bado nusu ya kichwa haijasukwa.