Kitenge cha Mama Yako Kimeingia Ziwani

Sekela mwanangu, hapo Mwanjelwa baridi bado inawapiga? Huku Matema ni joto. Nabeba mitungi ya hewa ya wazamiaji. Leo dada mmoja mzamiaji alikuwa na kakamera, hajui akafunge wapi.

"Kichwani kanavuta miwani, mzee. Mkononi kanatikisika."

"Weka kifuani."

"Mkanda umekatika."

Nikatoa kitenge cha marehemu mama yako, nikakafunga nacho kifuani pake kama mama alivyokuwa anakubeba wewe mgongoni. Dada akacheka, "Sasa mtoto yuko mbele!"

Picha zimetulia, samaki wote wanaonekana. Kitenge kimerudi, ila nimekinusa, ni maji ya ziwa tu. Harufu ya mama yako imekwisha.

Wasalimie wajukuu wangu. Kile kitenge chake kingine kilichopo kwako usikifue mpaka nije.

Baba yako