Tabaga la Mgeni wa Tanga

Mwanahawa,

Karibu Jinja. Ridwan amekufuata mpakani Busia. Mkifika hamtanikuta, nimekwenda kwa kaka yangu anayekaa Namakwekwe, kule Mbale.

Maji ya bomba uyachemshe. Umeme ni wa kulipia kabla. Mita ikianza kulia, namba yake nimeibandika nyuma ya mlango. Sokoni usianze na hicho Kiswahili chenu kizuri, wazee wakikisikia wanakumbuka askari waliowatesa zamani kwa lugha hiyo na kukukunjia uso. Sema kwanza "kodheyo", ndiyo salamu ya Kisoga, halafu endelea upendavyo. Mume wangu, haya, mume wetu, hali pilipili. Mbele yako atajifanya anakula.

Jina lako nimelijua leo asubuhi. Miezi miwili nimesuka tabaga, huo mfuniko wa rangi ulio mezani. Sisi Wanubi bibi harusi tunampokea kwa tabaga jipya, na Ridwan aliniambia shangazi yake anaozesha binti. Hata rangi alichagua yeye. Leo nimemaliza, nikamuuliza huyo binti anaolewa nyumba gani. Akatazama viatu vyake, akasema, "Hii."

Nilishika mkasi nilikate tabaga, kisha nikauweka. Wewe hukunidanganya.

~~Sitarudi.~~ Ufunguo wa mlango wa nyuma nimeondoka nao.

Chini ya tabaga kuna pilau, kuleni kabla haijapoa. Mchele nilipima wa watu wawili, kama kila siku.

Mimi,
Mke mkubwa, tangu leo asubuhi