Pembetatu ya Baba

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila bweni linavuja na godoro limelowa nusu. Nalala upande mmoja kama samaki kwenye sahani.

Lile somo langu la anthropolojia, ambalo shangazi huliita shahada ya umbea, limetupa kazi ya kuchora ukoo. Mwanamke ni duara, mwanamume pembetatu, na marehemu hupigwa mstari. Babu nilimpiga mstari, nikamwomba radhi. Nilipofika kwa baba, mkono ukagoma.

Mhadhiri akauliza, "Huyu yu hai au amefariki?"

Nikamwambia aliondoka kutafuta kazi nikiwa darasa la pili, na hatujasikia neno.

"Sasa nyumbani mnamhesabu vipi?"

Nikakukumbuka jikoni, sufuria ikiungua: "Na wewe baba watoto, ungekuwepo jiko hili lingekuwa hivi?"

Nikamjibu, "Mama bado anamgombeza."

Akaniambia nimwache bila mstari.

Jana shangazi kanipigia simu. Anasema siku hizi sufuria inaungua na wewe umenyamaza tu.

Mama, nakuomba, mgombeze.

Mimi,
kitindamimba wako