Lawama za Boti

Mwanangu kipenzi,

Kwanza nakujulia hali wewe, mumeo na wale wajukuu zangu wawili, mkubwa wa maswali na mdogo wa makelele. Natumaini kikohozi cha mdogo kimekwisha, na kwamba huko shuleni wamekupunguzia vipindi kama walivyokuahidi. Sisi huku ni wazima. Goti langu la kushoto linanisumbua kila ninapopanda ngazi, na ngazi huku haziishi, lakini nakula vizuri mpaka sketi zimeanza kunikataa.

Utashangaa kuona barua wakati simu zipo. Kwenye simu wewe hunikatiza, nami ukinikatiza mara mbili ujasiri wote huniishia. Isome watoto wakiwa nje wanacheza, na uisome mpaka mwisho hata ukikasirika katikati.

Huu ni mwezi wa saba hujaongea na baba yako. Ulisema mbele ya kikao cha familia kwamba hutafungua kinywa kwake mpaka aiuze ile boti, na wewe ukishasema umesema. Ukaidi huo umeurithi kwangu, siwezi kukulaumu. Ulisema anamtoa mama yako nyumbani, anamtenga na wajukuu, anakwenda kumzamisha ndani ya jeneza la plastiki ya faiba. Wajomba zako wakatikisa vichwa, wakakuunga mkono. Hilo nitalirudia. Kwanza nataka uijue hiyo boti, maana umeichukia bila kuiona.

Si boti ya kuvulia samaki, ingawa imechukua umbo la meli za wavuvi wa mbali, ndiyo maana watu wa yadi ya boti wanaiita trola. Pua yake imeinuka, tumbo lake ni pana, na ndani ina injini moja ya dizeli isiyojua haraka. Mwendo wake ni wa mtu anayeendesha baiskeli akienda kumsalimia rafiki. Lakini ukijaza matangi yake, inatembea wiki mbili bila kutafuta mafuta. Imekuzidi wewe miaka minne. Ina chumba cha kulala mbele na kingine nyuma, jiko la gesi, na choo ambacho ukimaliza haja lazima ukipige pampu kwa mkono. Baba yako anasema choo hicho kimemfundisha unyenyekevu.

Aliyekuwa anaiuza ni daktari wa meno mstaafu, mtu mkavu, asiyecheka ovyo. Alikuwa amebandika karatasi kwenye kila bomba na kila swichi, kwa mwandiko unaosomeka, jambo ambalo sijaliona kwa daktari mwingine yeyote. Na alikuwa na utaratibu wake. Kila aliyekuja kununua alimteremsha chumba cha injini, akaiwasha, akamwambia akae humo saa nzima. Hakueleza kwa nini. Alitusimulia kwamba kabla yetu alikuja bwana mmoja wa viatu vyeupe, akatoka baada ya dakika kumi akiuliza runinga itakaa wapi. Daktari akamwonyesha geti lilipo.

Baba yako aliingia kwanza. Alitoka amelowa jasho, ameziba masikio, akasema kwa adabu zake zote kwamba injini ni nzuri sana, ila ingekuwa nzuri zaidi kama ingenyamaza. Nikateremka mimi. Unajua miaka ishirini na minane nilikaa kwenye chumba cha mitambo cha hospitali, mimi na jenereta mbili na boila moja, manesi wakiniita Mama Mtambo. Tangu nistaafu nilikuwa sipati usingizi wa maana. Nyumba ilikuwa kimya mno. Nilikalia ndoo iliyopinduliwa, nikaweka kiganja kwenye boriti iliyobeba injini, nikaisikiliza. Saa ilipotimia, Daktari alinikuta nimeegemea ukuta nakoroma. Hakunicheka. Alipanda juu akamwambia baba yako kwamba mnunuzi ameshapatikana, na wale wengine waliopanga kuja atawapigia simu wasijisumbue.

Usidhani tuliinunua kwa macho tu. Tulimleta mkaguzi wa boti, akaja na nyundo ndogo, akaigonga ndani na nje, huku ametega sikio kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Akakuta mbao za chini ya sitaha zimelowa upande wa kulia, na tangi moja la dizeli limeingia kutu. Akatushauri tutafute nyingine. Baadaye tukaipeleka baharini kuijaribu, na tulipovuka tu ukuta wa bandari, mawimbi yakaanza kututikisa. Baba yako akageuka rangi. Alitapika ndani ya kofia yake ya kahawia, ile uliyomnunulia wewe, akaisuuza, akaivaa tena ikiwa mbichi.

Wakati huohuo mshale wa joto la injini ukaanza kupanda. Mkaguzi akaandika kwenye daftari lake akiwa na uso wa mtu aliyekwishasema. Nikateremka, nikaifungua pampu inayovuta maji ya bahari kupoza injini, nikakuta kile kipande cha mpira cha ndani kimekatika mabawa. Kipuri chake kilikuwa kwenye kopo lenye karatasi ya Daktari. Dakika ishirini hazikuisha, mshale ukarudi mahali pake. Nilipotokea juu na grisi mpaka viwikoni, baba yako alinitazama na yale macho yake ya mgonjwa, akamwambia mkaguzi kwamba tunamshukuru kwa kazi yake, na tunaichukua.

Tumeikarabati sasa, tena tumehamia humo. Sitaha tuliifumua, tukaweka mbao mpya; tangi bovu tulilitoa, na fundi wa kuchomelea akatuundia jingine. Baba yako amehamishia cherehani yake kwenye meza ya chakula. Ameshona magodoro, ameshona mapazia yenye vifungo juu na chini ili yasipepee tukiyumba, ameshona mfuko wa miwani yangu pembeni ya kitanda. Hata jaketi la kuokolea alilipunguza kiunoni, akasema nikizama nizame nikiwa nadhifu. Asubuhi tunakunywa chai nje, miguu juu ya benchi, na mafundi wa yadi wakipita wanamtania kwamba nahodha anashona wakati mkewe yuko chini anabadilisha oili. Mwezi ujao, pepo zikitulia, tunaondoka. Tutafuata pwani kwanza, halafu visiwani, halafu kule mbali. Tutarudi baada ya mwaka na nusu, Mungu akipenda. Nina furaha, mwanangu. Sijawahi kulala hivi.

Sasa nimefika pale ninapopaogopa.

Boti ni yangu. Tangazo nililiona mimi, nikalikata gazetini, nikakaa nalo kwenye pochi wiki tatu. Kiinua mgongo kilichoinunua ni changu. Baba yako angeachiwa aamue, angezeekea kwenye kibaraza chake na wateja wake wa suruali, maana bahari haimpendi na yeye anajua. Anakwenda kwa sababu mimi nakwenda.

Asubuhi ya kikao tulikubaliana kwamba nitasema mwenyewe. Maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga vizuri. Halafu mjomba wako mkubwa akauliza nani kati yetu amepatwa na wazimu wa kununua boti uzeeni, mkanigeukia wote, wewe umempakata mdogo, na ulimi wangu ukawa mzito. Tangu uzaliwe nimekuwa mama wa kupatikana. Ukiumwa nipo, ukijifungua nipo, ukigombana na mumeo nipo. Niliona haya kukwambia kwamba nakupenda, nawapenda wajukuu zangu kuliko macho yangu, na bado nataka kwenda. Baba yako aliniona ninavyohangaika. Akasimama, akasema ni yeye. Nikatazama sakafu. Ulimwambia maneno mazito siku ile na hakujibu hata moja, na mimi mwenye kosa ndiye niliyekupangusa machozi.

Tulipofika nyumbani nilimwambia nitakueleza kesho yake. Akaniomba nisikueleze. Alisema binti anaweza kumnunia baba na mambo yakaendelea, ila akimnunia mama atakosa pa kukimbilia. Nikakubali upesi mno, tena nikashusha pumzi. Kushusha pumzi kule kunaniumbua mpaka leo.

Hajui kwamba nakuandikia. Kila Jumapili unaponipigia, simu ikilia tu yeye hupanda sitahani, kwa sababu alishagundua kwamba ukisikia akikohoa unaaga. Jumapili iliyopita kulikuwa na mvua. Alipanda hivyohivyo na mwavuli. Ukaniuliza kama niko peke yangu, nikasema ndiyo, tukaongea saa nzima habari za meno ya mdogo. Aliposhuka alikuwa amelowa magoti. Hakuniuliza kitu ila meno yametoka mangapi.

Basi ninunie mimi, mwanangu. Una haki, na mwaka na nusu unakutosha kuninunia mpaka uchoke. Boti siiuzi. Ila Jumapili hii simu yangu nitaizima. Namba ya baba yako haijabadilika. Atajifanya ana kazi nyingi, atakwambia usipoteze pesa zako. Usimsikilize, endelea kuongea. Mimi nitakuwa nimekaa juu huko, hata kama mvua inanyesha.

Mpe mumeo salamu, na umshukuru kwa kuwa siku ya kikao alinyamaza. Wajukuu zangu wapige busu la shavu, kila mmoja lake, wasije wakagombana. Wajomba zako nao wasalimie sana, na barua hii wasomee, kuanzia pale nilipopaogopa.

Ni mimi mama yako,
mwenye boti.