Mkazamwana wa Mama Kliniki

3 Juni

Shikamoo mama,

Mimi mzima, ila mgongo umegoma. Tangu tuanze kumwaga zege la daraja silali ubavu mmoja. Magoti yako je?

Mama, mke wangu yuko wapi? Dereva wa lori la saruji alipita nyumbani, hakumkuta, na wewe ukamfungia mlango. Mimba ya miezi minane haiendi matembezi. Nijibu upesi, mtandao wa simu huku haushiki na dereva anarudi Ijumaa.

Mwanao.

8 Juni

Marahaba mwanangu,

Magoti yanapanda vilima kuliko mbuzi. Huo mgongo ukandwe kwa maji moto.

Mkeo yuko kwa shangazi yake, ng'ambo ya bonde. Amenisusa. Unajua tangu nichaguliwe mhudumu wa afya nazunguka nyumba kwa nyumba kuhimiza wajawazito waende kupimwa, hadi wananiita Mama Kliniki. Watu wabishi! "Mbona mama zetu walizalia nyumbani?" Nawajibu, na wale waliokufa mmewauliza?

Basi siku ya mkutano nikamsimamisha mkazamwana wangu mbele, nikalipandisha gauni lake hadi magotini, nikasema, "Tazameni miguu ilivyovimba. Hii ndiyo dalili ya hatari!" Wanawake wakajiandikisha palepale. Yeye akafunga mzigo. Nikambembeleze? Mtoto wa juzi! Wake za watu nawaokoa, wa kwangu ananinunia.

Mama yako.

11 Juni

Mama,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi, hasira zimenijaa na sitaki kukukosea adabu.

Umempandishia gauni mke wangu mbele ya mkutano? Dereva anasema hadi muuza mkaa ameona! Halafu wewe mwenyewe unasema ni dalili ya hatari, na hatari hiyo umeiacha ivuke bonde! Huko nani anampima? Shule niliishia darasa la tano, lakini hili halihitaji darasa la sita.

Nimemwomba msimamizi ruhusa, akaniuliza, "Zege atamwaga nani, mkeo?" Nimechoka, mama. Huku nagombana naye, huko nagombana na wewe.

Nenda kwa shangazi yake. Usihutubu. Sema "nisamehe mwanangu," kisha unyamaze na umpeleke hospitali. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na yeye pia ni mwana wa mtu.

Mwanao.

25 Juni

Mama,

Shikamoo. Mzima? Maana mimi si mzima. Dereva amerudi mara mbili mikono mitupu, anasema mlangoni kwako kuna kufuli. Umekwenda au umenuna? Jana nimekoroga mchanga na maji bila saruji, wenzangu wamecheka hadi wamekaa chini. Andika mstari mmoja. Hata wa matusi.

Mwanao.

28 Juni, hospitalini

Mwanangu,

Tu hai, wote watatu. Nimeanza na hilo ili upumue.

Nilikwenda siku ileile niliyosoma barua yako. Njiani nilitunga hotuba nzima. Nikamkuta mchana kweupe amefunga madirisha, uso umevimba, kichwa kinampasuka, anaona vimulimuli. Hotuba ikaniruka. Nikasema, "Nisamehe mwanangu." Akaniuliza, "Mama, utanitangaza tena?" Nikasema hapana. Akanipa mkono nimwinue.

Kifafa cha mimba kilimshikia langoni mwa hospitali. Kingemshikia kule bondeni, tungezika. Wakampasua, wakatoa mtoto wa kike, mdogo kama kiatu chako, lakini sauti ni ya bibi yake. Mkeo akalala siku nyingi hajitambui. Ndiyo maana sikuandika. Sikujua niandike habari za mgonjwa au za marehemu.

Juzi amefumbua macho, leo amekunywa uji. Wanawake wa mtaani wamekuja. "Mama Kliniki, hebu tuambie, alipatwa na nini hasa?" Mwanangu, kwa kazi yangu, hiyo ilikuwa nafasi ya dhahabu! Nimewaambia kliniki ni kesho asubuhi, waje wote, lakini mambo ya mkwe wangu ni yake.

Barua yake nimeitia ndani ya hii. Ameigundisha mwenyewe. Sijaifungua. Niliiinua dirishani mara moja tu, karatasi ni nzito, haipitishi mwanga.

Mama yako.