Mfumo wa Pili Kwenye Kompyuta ya Gerald

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Gerald kaondoka na basi la asubuhi. Semina ya walimu, Tanga, mpaka Jumamosi. Kabla ya kutoka kanyoosha kidole kwenye kompyuta: "Mama Enock, hiyo usiiguse. Nyimbo zote za Pasaka zimo humo." Kana kwamba mimi kuku wa jirani, nitapanda mezani! Tangu tuoane sijaijua hata paswedi. Na kozi ya kompyuta nilisoma mimi, chuo cha ufundi cha VETA, kabla Enock hajazaliwa. Yeye kafundishwa na rafiki.

Mchana nimempelekea kaka Yordani maharage ya kutoka Bungu, pale Manundu anapotengeneza simu. Kanipa CD ya mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Linux. Anasema inawaka yenyewe kutoka kwenye CD, Windows inabaki imelala, paswedi haiulizwi. Haigusi kitu. "Ukiitoa ni kama hukupita."

Iko kwenye mkoba. Sina haraka nayo.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeigusa.

Enock shule, nguo nimeanika, mvua imetulia. Nikawasha, nikabonyeza F12 kama nilivyoelekezwa, nikachagua CD. Mashine ikaunguruma – nikajua nimeiua! Maandishi meupe yakakimbia kwenye weusi, nasoma nashindwa. Halafu kimya. Halafu picha ya ziwa na milima, na mshale unatembea. Nikacheka peke yangu sebuleni.

Nimefungua kila kitu. Kuna cha kuandikia, cha kuchorea, mchezo wa karata. Nikapekua orodha ya lugha – Kiswahili kimo! Nusu nusu, pengine kinarudi Kiingereza, lakini kimo. Hata disk ya Gerald inaonekana, na folda KWAYA PASAKA. Sikufungua. Kwa macho tu.

Nikaandika igizo la Pasaka la watoto wa sande skuli, ukurasa mzima. Nikahifadhi, nikazima.

Jumatano, 9 Aprili

Igizo limepotea. Lote! Ziwa lipo, milima ipo, kazi yangu haipo. Nimempigia Yordani, kacheka: "Dada, CD haikumbuki mtu. Ukizima imekusahau." Tumia flashi, anasema. Au uinstoli, ikae humo kwenye kompyuta, lakini usithubutu mpaka niwepo.

Imeniuma kuliko inavyostahili. Nyumba nzima hii sina droo ambayo mtu hapekui. Nilitaka mahali padogo, nikirudi kesho nikute nilichoacha. Basi.

Alhamisi, 10 Aprili

Yesu wangu. Nimefanya.

Palikuwa na chaguo: kuinstoli pembeni ya Windows, bila kuifuta. Pembeni! Unasogeza mstari, huku wao, huku wewe. Nilijikatia robo. Nikaomba umeme usikatike, na haukukatika. Ikasema toa CD, washa upya.

Ikawaka Linux. Nikazima, nikawasha. Linux. Tena – Linux moja kwa moja, haiulizi hata kidogo. Windows haionekani popote!

Na hapohapo hodi. Catherine, katibu wa kwaya. Anauliza mwalimu anarudi lini. Kinanda cha kanisa kimekufa, Jumapili ya Matawi wataimba kwa midundo aliyoitengeneza Gerald kwenye kompyuta, na Pasaka wanakwenda nayo kwenye shindano la Mombo. Hawana nakala nyingine. Nimemjibu nimesimama mlangoni, nimeiziba meza kwa mwili wangu. Siku ya kurudi nimeitaja vibaya mara mbili. Kaniuliza kama nina malaria.

Gerald alikesha na hizo nyimbo tangu Januari. Nimefanya nini mimi?

Ijumaa, 11 Aprili

Yordani kaja na pikipiki. Kaangalia, halafu: "Nilikuambia nini?" Nikamwambia anigombeze baadaye. Kitu cha kwanza kafungua disk. KWAYA PASAKA ipo. Kabonyeza wimbo mmoja – ngoma zikalia! Nikakaa chini sakafuni.

Windows ipo, anasema. Ila anayefungua mlango sasa ni huyu mgeni, na hajui kama ndani kuna mwenyeji. Linux za siku hizi hazitafuti mfumo mwingine mpaka uziruhusu. Na ruhusa yenyewe? Mstari mmoja, kwenye faili la maandishi! Kisha unatoa amri lisomwe upya. Kibodi sikumwachia. Nimeandika mwenyewe, nikakosea herufi, nikarudia. Ikajibu kwamba imeiona Windows. Nimepiga kelele mpaka Enock kaja mbio.

Kuwasha upya – menyu! Linux juu, Windows chini. Nikachagua Windows. Ikaanza kujikagua disk, taratibu, mimi nasali. Halafu ikadai paswedi ya Gerald. Sijawahi kufurahia kufungiwa nje namna hii.

Yordani hakuishia hapo. Weka Windows ndiyo iwake yenyewe, anasema, na muda wa kusubiri weka sifuri. Menyu haitaonekana. Shemeji atazeeka bila kujua. Wewe ukitaka kwako unawahi kubonyeza Esc. Kaniachia niamue, kawahi mvua.

Nimeweka sifuri.

Jumamosi, 12 Aprili

Asubuhi nimejaribu. Kweli, Windows moja kwa moja. Safi kabisa, hakuna alama. Ningepaswa kumshukuru Mungu. Badala yake nikapata hasira, nikatembea sebuleni kama niliyetukanwa. Na nani? Na mimi mwenyewe. Nyimbo zake ziko salama, sijaiba, sijaharibu. Sasa najificha nini?

Nikaingia kwangu kwa Esc, nikafungua lile faili. Windows ibaki ndiyo ya kuwaka yenyewe, hiyo ni haki yake. Muda: sekunde kumi. Halafu nikaona mstari wenye jina la mfumo, nikajiuliza, hivi hili nalo linabadilika? Nikafuta, nikaandika langu, ambalo humu ndani hakuna anayeliita. Nikatoa amri, nikawasha upya. UPENDO, pale juu kabisa, herufi kubwa! Chini, Windows. Nimeangalia mpaka sekunde zikaisha.

Saa kumi jioni Gerald kafika. Kala ugali, kasifia mchicha, kauliza mvua. Nilitaka kusema. Nikamwongezea mchicha. Kanawa, kaketi, kawasha. Mimi nikakimbilia chumbani na hili daftari. Mlango uko wazi nusu, namwona mgongo.

Menyu imetokea. Kainamia kioo. Kabonyeza kitu, na kuhesabu kumesimama – ukigusa kitufe chochote inakusubiri.

"Mama Enock. Nyimbo zangu?"

Zipo, nimesema. Zote.

"Na huyu Upendo?"

Ni mimi, nimesema.

Nilitegemea kelele. Ule mkanda mweupe unaoonyesha ulichochagua umetoka kwenye Windows, umepanda juu, uko kwenye jina langu. Kidole chake kiko juu ya Enter. Hajabonyeza. Kavuta kiti chake karibu na kioo.