Sare ya Saumu Imepanda Botini

Kibirizi, Kigoma

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, maana ukiisoma umesimama utanitafutia fimbo. Goti bado linakusumbua? Na mvua za huko Muheza zimebakiza machungwa mtini, au zimeyaangusha yote? Huku Tunu ameota meno ya mbele, anamuuma kila anayembeba. Mkweo Juma ni mzima. Nimeanza na hilo ili moyo wako utulie, kwa sababu wangu juzi ulitaka kupasuka.

Mama, ile doti ya khanga uliyonitumia, sare ya harusi ya mdogo wangu Saumu, nimeikata. Usiitupe barua. Soma hadi mwisho ndipo unitukane.

Kikundi chetu cha uokoaji hapa mwaloni, zinapotia nanga boti za dagaa, kilinipa kazi ya kuandaa mabegi ya huduma ya kwanza. Nilianza na boti ya Mzee Buhanza, kwa kuwa Juma anavua humo, na mimi si mwendawazimu wa kuanza na ya jirani. Nilitia glavu, gozi za vidonda ndani ya pakiti zake, plasta pana, mkasi, tochi, filimbi na blanketi. Vitambaa vya kutungikia mkono na kanda za kuzuia damu nilishona mwenyewe kwa bafta nyeupe, nikavipiga pasi. Nikajiona fundi.

Mzee Buhanza ndiye nahodha. Alifungua begi, akaona bafta, akalifunga upesi kama aliyekuta nyoka.

"Mama Tunu, wewe mtu wa pwani hujui. Nyeupe ni ya kuzikia. Unataka niende ziwani na sanda za vijana wangu?"

"Mzee, ni bandeji tu."

"Uchuro ni uchuro. Kitambaa hiki hakipandi botini."

Nilikasirika mpaka ugali ukaungua. Juma naye, badala ya kunitetea, ananiambia nahodha akishasema amesema. Nikamjibu, "Haya, siku ukikatika umwambie nahodha akufunge kwa maneno." Halafu nikaogopa nilichokisema. Nikapekua nyumba nzima kutafuta kitambaa cha rangi. Vitenge vyangu vimechakaa, ukivivuta vinachanika. Kilichokuwa kizima ni sare ya Saumu, nyekundu, bado inanukia duka. Mkasi ulipoingia niliuona uso wako, mama, lakini sikusimama. Nilikata upande mmoja, mwingine nikauacha.

Nikamfundisha Juma kwenye mguu wake mwenyewe: funga ukanda juu ya jeraha, chomeka kijiti, kizungushe mpaka damu ikome, na usilegeze mpaka hospitali hata mtu akulilie. Alipiga yowe, Tunu akacheka. Mzee Buhanza alipoiona khanga akasema "ego," yaani ndiyo kwa lugha ya huku. "Hii ni nguo ya walio hai. Ipande."

Juzi asubuhi tulikuwa tunaanika dagaa, mara tukasikia filimbi ziwani. Ilikuwa filimbi ya begi langu. Boti ya Mzee Buhanza, ambayo huwa ya mwisho kurudi, ilikuwa inakuja mbio peke yake. Niliingia majini mpaka kiunoni. Nikaona mtu amelazwa, uso umefunikwa koti, mguuni amefungwa khanga ya Saumu, na damu imeenea kila mahali. Nikamtafuta Juma kati ya waliosimama. Hayumo. Nikazidi kuingia majini.

Ndipo kichwa kikainuka nyuma ya yule aliyelala. Juma alikuwa amechuchumaa, mikono yote miwili imeshika kijiti. "Ni Mzee!" akapaza sauti. "Mimi mzima!"

Nyavu zilikuwa zimejisokota kwenye pangaboi la injini, Mzee akashuka majini kuzinasua, na mmoja wao akawasha injini akidhani ameshapanda. Mzee akakatwa vibaya chini ya goti. Juma alipomkaza ukanda, maumivu yakamzidi Mzee, akaamuru: "Legeza! Mimi ndiye nahodha!" Mama, huku ukimbishia nahodha ziwani unashushwa, na boti nyingine hazikuchukui. Juma akamwambia, "Tukifika nchi kavu unifukuze, Mzee." Akazungusha kijiti tena.

Niliandika saa aliyofungwa juu ya ngozi yake, nikamfunika blanketi, tukampakia kwenye bajaji. Midomo imempauka.

"Mguu upo?"

"Upo, Mzee."

"Usinidanganye, mtu wa pwani."

"Upo. Nimeushika."

Daktari amesema utabaki, ingawa atachechemea. Khanga waliikata wakaitupa.

Tulirudi nyumbani. Juma alijua amemvunjia mkubwa heshima mbele ya vijana wake, na mimi nilikuwa nawaza tutakula nini. Jana akaja mke wa Mzee na kitenge kipya amekikunja mkononi, akanipa badala ya khanga. "Mzee anasema Juma aongoze boti mpaka yeye apone," akasema. "Na isitoke bila begi."

Tukaliangalia begi. Halikuwa na kitambaa hata kimoja, vyote viliishia mguuni mwa Mzee. Upande wa pili wa doti ulikuwa umening'inia kwenye kamba, unapungia upepo. Umeshaelewa, mama, mkasi ulikwenda wapi.

Nisalimie baba, asitoke alfajiri bila sweta. Nisalimie shangazi wa mgahawani, mwambie chapati za huku hazifikii zake. Na bibi harusi wetu akinuna kwamba dada yake atakuja na kitenge cha Kigoma katikati ya khanga nyekundu, mwambie sare yangu ilitangulia kuvaliwa, na aliyeivaa yu hai.

Ni mimi, mwanao unayenidai doti,
Mwanahamisi